Salamu za Mteremkoni

Kalamu yenyewe inaniponyoka kwa uzee, bado wazee wenzangu mnanishikilia niandike. Haya. Jirani yangu, karani wa mahakama, kanunua baiskeli ya milimani, na kila jioni anajifunza kuteremka nayo kilima cha nyuma ya nyumba zetu. Vidole vyake vilivyozoea kugonga mihuri hukaba breki kama vimemkamata mwizi. "Legeza mikono, baba!" bintiye humpigia kelele. "Tazama njia, usitazame jiwe!" Jiwe hulikwepa. Kinachomwangusha ni adabu: akimwona mtu mzima, mkono wa kulia hunyanyuka wenyewe, "Shikamoo!", naye puu, kichakani.

Jana binti alimwambia akianguka tena, baiskeli ataichukua yeye. Akateremka vizuri, kona akaikata, kumbe mbele niko mimi na ndoo yangu. Nikaona mkono unaanza kunyanyuka. Mimi huyu, nisiyeitikia salamu ambayo sijapewa, nikapaza sauti: "Marahaba, mwanangu! Marahaba, pita!" Mkono ukarudi kwenye usukani. Akafika chini mzima, akailaza baiskeli, kisha akapanda kilima chote kwa miguu, anahema, kuja kuniambia shikamoo. Basi, nimeandika. Nanyi mkimkuta mteremkoni, itikieni kwanza.