Kaburi la baba na udongo mweusi

Leo tumemzika baba kwenye shamba la jirani.

Ndiyo, mmesoma vizuri. Mtu mwenye ekari zake nne hapa Karatu.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikiwa darasa la pili, jirani yetu Mzee Tluway alimwonyesha baba vipande viwili vya ardhi vya kununua: udongo mwekundu kule juu, na mweusi huku bondeni. Akamwambia wazi, "Huku chini lima tu, usijenge."

Baba akaangalia mahindi ya bondeni yalivyorefuka, akacheka. Akanunua bondeni. Akajenga.

Kila kiangazi ukuta ulipasuka mpaka kiganja changu kikapita. Kila mwaka aliukandika upya. Ukimuuliza, anakuwa mkali.

Leo asubuhi, na mvua hizi, vijana wamechimba kaburi nyuma ya nyumba. Futi tatu tu, maji. Wakayachota, kuta zikaporomoka. Wakahamia kando, yakawa yale yale.

Padri amesimama. Jeneza liko kwenye benchi. Watu wanatazama tope viatuni.

Mtoto wa Mzee Tluway ndiye aliyeninong'oneza: "Mpandisheni kwetu, kaka. Juu hapatitii."

Tukampandisha. Kule kuta za kaburi zilisimama kama zimejengwa.

Nikadhani aibu imeishia hapo. Wakati tunashuka, mama akanishika mkono:

"Na mimi, siku yangu ikifika, mtaenda kuniombea nafasi kwa nani?"

Nyie mngemwambia nini?