Sanduku Ambalo Mama Saveta Hakulipangusa

Miaka thelathini na moja Saveta Ciocârlan alilinda ghala la mawe katika bonde la Prahova, nchini Rumania, na ole wako umwambie ni mawe tu. Yalitolewa ardhini na wachimba visima vya mafuta, mumewe marehemu akiwa mmoja wao, yakapangwa masandukuni kwa namba.

Wiki ile bosi wake, Dokta Zamfir, alimjia kanywea. "Mama, wageni wanakuja, Wanorwe na Wachina. Tunatafuta pamoja mwamba mama, ule uliozaa mafuta ya bonde hili. Wasipoyapenda mawe yetu, ghala linafungwa, mawe yanamwagwa korongoni."

"Waje kwangu wasiyapende? Thubutu!"

Sasa mgeni akija, mwanamke wa kule hufanya nini? Anasafisha. Saveta alifagia, akapaka sakafu ya mbao petrosini, yale mafuta ya sakafu yatokanayo na petroli, yanayonukia katika kila shule ya Rumania. Debe likabaki nusu, na mawe nayo yamepauka, masikini. Akayapangusa nayo moja moja, safu baada ya safu, yakang'aa kama viatu vya bwana harusi.

Wageni walipofika, Profesa Liang, bibi mfupi kutoka China, alinusa jiwe. Akanusa tena. Akalimulika kwa taa yake ya kutambua mafuta, jiwe likawaka buluu. Vigelegele! Torvald, mmoja wa Wanorwe, akamkumbatia Zamfir. Zamfir akalibusu jiwe.

Saveta akaelewa. Akinyamaza, ghala limepona. Lakini wasomi wa watu waende kutoboa milima kwa ajili ya debe lake la sakafuni? Aibu gani hii, Mungu wangu!

"Acha kubusu, mwanangu. Hayo mafuta nimeyapaka mimi."

"Umetumaliza, mama," alinong'ona Zamfir, kisha akawatafsiria wageni.

Liang akauliza kama lipo sanduku ambalo halikupanguswa.

"Lipo moja kule nyuma. Mume wangu alilipigilia misumari. Sijawahi kulifungua."

"Kwa nini?"

"Alilifunga yeye."

Liang, aliyekwisha kushika mtaimbo, akauweka chini. "Basi tunaomba ruhusa yako."

Saveta akaushika mwenyewe, akang'oa misumari. Ikatoka harufu ya shati la mumewe akirudi zamu. Akalia waziwazi. "Ndio huu mwamba mama," alisema, na taa ilipowashwa, ikamuunga mkono: mawe yakawaka buluu bila kupakwa chochote. Ghala limepona.

Torvald akanyoosha mkono unaonuka petrosini aguse.

"We! Kanawe kwanza!"