Faulo ya Namba Kumi na Moja

Nilipelekwa mezani kwa sababu ya mdomo wangu. Wazazi wenzangu wa timu wanapowaeleza wageni jinsi nilivyopata kazi ya kuandika pointi, husema nilichaguliwa kwa ajili ya mwandiko wangu mzuri, nami kwa muda mrefu nimewaacha waseme hivyo.

Binti yangu alianza mpira wa kikapu akiwa darasa la sita. Alikuwa mrefu na hakuwa na mahali pa kuupeleka urefu wake. Nyumbani kwetu Buzebazeba, Kigoma, aligonga kichwa kwenye fremu ya mlango wa jikoni mpaka rangi ikabanduka. Kocha wa timu ya wasichana ni kijana anayetengeneza friji mchana na kufundisha watoto jioni bila kulipwa na mtu. Siku moja sokoni Mwanga alimwona akinitundikia magauni kwenye waya wa juu kabisa bila kupanda stuli, akaja mpaka kwenye cherehani yangu kumwomba. Nikakubali, nikidhani ni shughuli ya jioni mbili tatu.

Hakuna aliyeniambia kwamba mtoto akiingia timu, ukoo mzima umeingia. Mazoezi yakawa Jumanne na Alhamisi, mechi Jumamosi, na kundi la WhatsApp la wazazi siku zote saba. Kulikuwa na zamu ya maji, zamu ya ndizi, na zamu ya kufagia uwanja, maana mchanga ukibaki juu ya saruji watoto wanateleza na kuchubua magoti. Mume wangu aliingia kwenye lile kundi, akasoma ujumbe wa siku moja, akatoka kimyakimya. Nikabaki mimi.

Nilikuwa sijui lolote kuhusu mchezo wenyewe, na hilo halikunizuia hata kidogo. Kwanza nilihesabu dakika. Mwanangu akiingizwa uwanjani nabonyeza saa ya simu, akitolewa nabonyeza tena, na jioni namtumia kocha jumla yake pamoja na jumla ya watoto wengine wawili niliowaona wanapendelewa. Kocha alinijibu kwa kidole gumba kimoja, wiki zote. Pili nilipiga kelele. Nilikuwa nasema "Piga!" hata mpira ukiwa mikononi mwa wapinzani. Nikipandwa na mori Kiswahili kinanikimbia, nabaki na Kiha cha kwetu: "Genda! Genda!" Jumamosi moja msichana wa timu ya wageni, Muha mwenzangu bila shaka, alinisikia akaitii amri yangu, akaenda moja kwa moja mpaka chini ya ringi na kufunga.

Mechi ilipokwisha kocha alinijia kwa adabu. "Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, kuanzia wiki ijayo utatusaidia mezani. Ila wa mezani haruhusiwi kushangilia. Hata kupiga makofi."

Ndivyo timu yetu inavyofanya kazi: mzazi aliyeshindikana hufungiwa mezani. Kabla yangu alikuwapo baba mmoja mfanyabiashara wa dagaa, aliyekaa pale msimu mzima, na mpaka leo anaongea kwa sauti ya chini kama yuko msibani.

Meza yenyewe ni dawati la shule. Mimi naandika, na mtu wa timu pinzani anashika saa, ili tuchungane. Tukicheza na watoto wa Ujiji, mshika saa ni mzee mmoja wa Kasingirima, mstaafu wa melini, ambaye mjukuu wake ndiye aliyekuwa akitufunga sana. Alinifundisha kazi. Refa akipuliza filimbi anakuja mezani, anaonyesha kwa vidole namba ya mchezaji aliyekosea, nami naweka alama kwenye mstari wa mchezaji huyo. Kila mstari una vyumba vitano vya faulo. Chumba cha tano kikijaa nainua kibao chenye tano nyekundu, na mtoto anatoka, harudi tena mechi hiyo.

Kocha wetu ana desturi yake ambayo sikuipenda tangu siku ya kwanza. Mchezaji wake akimchezea mpinzani faulo anainua mkono mwenyewe, papo hapo, refa asihangaike kumtafuta. Nilimfuata nikamuuliza.

"Kocha, unamfundisha mwanangu kujishtaki?"

"Ndiyo, mama."

"Na Ujiji wanafanya hivyo?"

"Hapana."

"Basi?"

"Basi wao wana kocha wao."

Niliudhika wiki nzima. Binti yangu, kwa upande wake, aliinua mkono kila alipokosea, mrefu hivyo, hakuna asiyeuona.

Sasa niwaambie kuhusu namba kumi. Mwanangu alikuwa kumi na moja, na namba kumi ni binti wa mama mmoja wa Kirundi anayeuza vitenge mbele ya cherehani yangu pale Mwanga. Yule mama alifika Kigoma akiwa mtoto, na nusu ya wateja wangu ni yeye anayewaleta: akishawauzia kitenge anawaonyesha mimi kwa kidevu. Mabinti zetu walianza kikapu mwezi mmoja. Wote wawili wanasimama chini ya ringi, wanadaka mpira unaorudi, na wanalinganishwa na kila mtu, kuanzia na mimi.

Mwaka huu wakaja wateuzi watatu kuangalia wasichana wa kupeleka Dodoma na timu ya mkoa. Siku tatu kabla, kundi la wazazi liliwaka moto. Mimi niliandika ujumbe mrefu kwamba tuwaachie watoto wacheze kwa uhuru bila presha. Kisha nikamwamsha mwanangu alfajiri nikampa mayai mawili na uji, nikamwambia nafasi ya warefu huenda ikawa moja tu, kwa hiyo asiichezee. Alikuwa anaitaka safari ile kuliko chochote. Treni ya kwenda Dodoma alikuwa ameishaipanda kichwani mara nyingi, na begi lilikuwa chini ya kitanda limefungwa. Niliona nikifagia, nikajifanya sijaona.

Siku ya mechi tulicheza na Ujiji. Upepo ulikuwa unatoka ziwani, mipira ya mbali inapeperuka, kwa hiyo kazi yote ikawa chini ya ringi, kwa warefu. Wateuzi walikaa kwenye viti vya plastiki ng'ambo ya uwanja na madaftari yao. Nilikaa mezani nimebana midomo. Mzee wa Kasingirima alinitazama mara mbili akaniuliza kama naumwa.

Robo ya nne ilipoanza tulikuwa tunawafukuzia kwa pointi chache. Kwenye karatasi yangu namba kumi alikuwa na faulo nne. Namba kumi na moja nne. Nilizijua zile nane kama ninavyojua vipimo vya kiuno vya wateja wangu wa kudumu.

Dakika tatu kabla ya mwisho yule mjukuu wa mzee akaruka kufunga, na wetu wawili wakaruka naye. Nilikuwa nimekaa pembeni yao kabisa. Niliona mkono wa mwanangu unampiga kwenye kiwiko. Filimbi ikalia. Refa alikuwa upande wa pili, nyuma ya miili mitatu. Akaja mezani mbio, akanigeukia, akakunjua vidole vyote kumi.

Nyuma ya mgongo wake mkono wa mwanangu ulikuwa juu.

Nisiwadanganye, niliuona. Macho yangu yalikutana na ya mwanangu. Kisha nikatazama karatasi, nikajiambia haraka haraka kwamba kazi ya karani ni kuandika anachoonyeshwa, kwamba mimi ni nani nimpinge refa mwenye filimbi, kwamba sheria ni sheria. Mimi, niliyekuwa nimempinga refa huyohuyo kila Jumamosi kwa mwaka mzima, siku hiyo nikawa mtiifu. Nikaweka alama kwenye mstari wa namba kumi. Chumba cha tano. Nikashika kibao.

Namba kumi alinitazama mdomo wazi. Kisha akaanza kutoka uwanjani huku anajifuta macho na jezi.

"Mama," akasema mzee wa saa polepole, bila kunigeukia. "Yule mwingine kainua mkono."

"Refa kasema kumi, Mzee."

"Nimesikia. Saa nimeisimamisha. Sina haraka."

Binti yangu alikuwa ameishafika mezani. Hakunisemesha kwa hasira, ingekuwa nafuu. Alisema, "Mama, ni mimi," na nilipomjibu kwamba refa ndiye anayejua, akanitazama kama anavyomtazama mteja anayebishia vipimo vyake mwenyewe, akamgeukia refa. "Refa, ni mimi niliyempiga. Kumi hakumgusa." Refa akamuuliza yule aliyepigwa, akaitikia kwa kichwa. Nikafuta. Nikaandika upya, na kile kibao ambacho nilikuwa nimeishakiinua nusu nikakiinua chote, juu ya mwanangu mwenyewe. Akaenda kukaa kwenye benchi, akajifunika taulo kichwani.

Tukafungwa kwa kikapu kimoja. Wateuzi wakasoma majina palepale uwanjani. Namba kumi alikuwamo. Mwanangu hakuwamo. Sijui kama ni faulo ile au kama wangemwacha hata hivyo. Nimejaribu kuamini yote mawili, kutegemea siku.

Adhabu yangu ilianza nilipofika nyumbani. Mama wa namba kumi alikuwa ameketi upande wa benchi, na kutoka kule alichokiona ni refa kukosea na mtoto wangu kusema kweli. Aliandika kwenye kundi: "Asante sana mama wa kumi na moja kwa malezi mema. Umetulelea mtoto." Akaweka maua sita. Wazazi wote wakafuata. Yule baba wa dagaa aliandika kwamba tabia ya mtoto hutoka kwa mama. Kocha, ambaye hajawahi kunitumia zaidi ya kidole gumba, aliandika sentensi nzima. Nami nikawajibu, "Tunamshukuru Mungu," na mikono miwili iliyokunjwa kwa unyenyekevu.

Binti yangu alikuwa amekaa nyuma yangu anasuka nywele zake. Aliisoma simu yote juu ya bega langu. Alilitoa lile begi chini ya kitanda, akalifungua, akarudisha nguo kabatini moja moja.

Wiki ile nilisalimiwa asubuhi na jioni, "Shikamoo mama," kwa adabu kamili, na baada ya hapo hakuna neno. Nilipika samaki, mgebuka wa mawese anaoupenda. Akala, akashukuru, akaosha sahani. Siku ya nne nikashindwa.

"Unataka nifanye nini? Refa alionyesha kumi!"

"Najua, mama."

"Sasa?"

"Kocha anasema aliyekosa anainua mkono." Alikuwa anakausha sufuria, wala hakunitazama. "Hajasema watoto tu."

Nilimkasirikia. Nikamwambia asinifundishe adabu nyumbani kwangu. Usiku sikulala vizuri, na nikamkasirikia kocha pia, na friji zake zote.

Ijumaa mama wa Kirundi alikuja kwenye cherehani yangu na jezi ya mkoa. Ilikuwa kubwa, mtoto anapotea ndani yake. Alitaka niipunguze kabla ya safari. Alikuwa na furaha, akanisifia tena mwanangu mbele ya wateja wawili, akasema hata Dodoma watamkumbuka. Binti yangu alikuwa mlangoni anatoa nyuzi kwenye pindo la sketi ya mtu. Mikono yake ikasimama.

Niliichukua ile jezi. Namba kumi, nyeupe, mgongoni. Nilitaka kusema vizuri, kwa mpangilio, nikianza na ugumu wa kazi ya mezani. Maneno yakagoma. Basi mimi, mtu mzima mwenye futi ya kupimia shingoni na pini nne mdomoni, nikainua mkono wa kulia juu kabisa, katikati ya soko la Mwanga.

"Una nini?" akauliza. "Kuna mtu unamwita?"

Nikatoa pini. "Ile faulo nilijua si ya mwanao. Niliona yote. Niliona na mkono wa mwanangu. Nikamwandikia wako."

Wateja wawili wakaanza kuangalia vifungo kwa makini sana. Mama yule aliitazama jezi, akanitazama mimi, na mkono wangu bado uko juu kwa sababu nilikuwa nimesahau namna ya kuuteremsha.

"Kwa hiyo wangu angetoka," akasema, "na wewe unajua."

"Ndiyo."

"Na yale maua ukapokea."

"Yote sita."

"Oya!" akasema, hapana ya Kirundi, akatikisa kichwa muda mrefu. Nilisubiri achukue jezi yake aende kwa fundi mwingine. Wapo wengi, na mmoja ana cherehani ya umeme. Badala yake aliivuta kutoka mikononi mwangu, akaikunjua, akanionyesha ubavuni panapotakiwa kuingia, akanirudishia.

"Hiyo ni ya kwanza," akasema. "Umebakiwa na nne."

Kutoka mlangoni nikasikia mwanangu anacheka, na tangu Jumamosi nilikuwa sijamsikia.