Siku Nilikata Matawi Sababu ya Motokari

Bandugu, acheni niseme mimi mwenyewe, juu mukiisikia kwa jirani yangu Mama Ntumba ataongeza chumvi, na haya yenyewe inatosha bila chumvi. Mpaka leo nikipita mu avenyu yetu hapa Katuba batoto banaita "Papa Mufu! Papa Mufu!", na mi ninapandisha tu mukono sawa muntu anasalimiwa. Nifanye nini?

Mwanzo ni motokari. Iko ya zamani, wakati bibi yangu, mama ya Nadège, alikuwa angali muzima ilikuwa bleu, sasa iko ya kutu tu. Nadège njo mutoto wangu mumoja, anatumika mu biro kule Likasi, na mara ya mwisho alikuya kunisalimia nilimupeleka kwa rafiki yake kule Golf, mutaa wa batajiri, na vile tulikaribia zile villa akasema: "Papa, niache hapa ku kona, nitamalizia na miguu." Nikamuacha ku kona. Iliniuma sana, na kutoka pale hakukuya tena, ni telefone tu, eti ku kazi hakuna likizo, "congé ikitoka, Papa, tutaona", na mi nikajitia mu kichwa kwamba nikipaka motokari rangi mupya atakuya, nitamungojea ku kituo ya bisi, nitamupeleka mpaka ku mulango ya rafiki yake, na honi nitapiga.

Kupeleka ku garage? Apana. Muntu mwenye kuikala peke yake anapenda kazi ya murefu, kwa hiyo nilianza mi mwenyewe, pale mu lupango, ule uwanja mbele ya nyumba: nikaosha motokari na sabuni, nikatosha mafuta na kitambaa ya esansi, ile petroli, nikakwangula kutu na papiye-vere, ile karatasi ya musasa, mpaka vidole ikaniwaka, nikajaza mashimo na masitiki, nikakwangula tena, na unga mweupe ya masitiki ikanikaa mu nywele, mu kope, mu masikio. (Kila asubui nilikuwa naongea na ile motokari, "bonjour, umelala muzuri?", musinicheke, hakukuwa muntu mwingine wa kuuliza.) Kisha nikafunga vioo na magazeti, na siku ile, muchana, nikapaka rangi ya chini, ile inakamata rangi yenyewe.

Sasa, vumbi. Ilikuwa wakati ule kabla ya mvula, avenyu yetu haina goudron, haina lami, kila taxi ikipita vumbi nyekundu inapanda, na rangi yangu ingali mubichi. Nikasema, hawa bashofere nitabapunguzisha mwendo. Nikapanda ku muti wa avoka, nikakata matawi, nikaipanga mu barabara, huku na huku ya lupango. Na balipunguza kweli! Bote, polepole, mumoja hata alizima musiki, na mi nikajiona muntu wa akili.

Wenye bako ba hapa kwetu bamekwisha kushika kichwa. Matawi mu barabara iko kilio! Muntu akiyaona anayua mu nyumba ile kuko mufu. Nani hayue? Hata siku ya bibi yangu balipanga matawi pale pale. Lakini mu kichwa yangu mulikuwa rangi tu. Tena nikatosha viti yote ya salon inje (sawa ku kilio, ndiyo, ninayua), nikaizungusha ku motokari, nikatandika juu yake mashuka meupe ya kukinga vumbi. Telefone ilikuwa imezimika, kuran ya umeme hakuna. Nikafunga mulango, nikalala chini ku simenti, na harufu ya rangi ikanibeba.

Mama Ntumba ni jirani, mama wa Kasai, anauzisha maharagi ku soko. Aliona matawi, aliona viti, akapiga hodi, kimya, akachungulia ku dirisha: Papa Donat, njo mi, iko chini, uso mweupe pee, hatikisike. Hakulia. Yeye anayua desturi, mutoto wa mufu njo anapashwa kuambiwa wa kwanza, basi akapigia Nadège, kisha akakimbia kutafuta bamama ba parokia.

Mi niliamushwa na kilio. Ilikuwa kilio ya kweli, na nyimbo, na mayowe ya uchungu hata, na nikawaza, maskini, nani tena? Nikaruka, nikafungua mulango, na ule uso wangu wa unga, nikauliza kwa heshima yote:

"Poleni bamama. Nani amekufa?"

Yesu wangu! Balikimbia! Viti ikaanguka, mashuka ikaanguka, mama mumoja akajishikilia ku motokari na mikono yote mbili, na vumbi ile nilikuwa nakimbia siku nzima ikapanda yote, ikalala ku rangi yangu.

Vile balirudia, ilikuwa kucheka mpaka machozi. Nikasema:

"Lakini Mama Ntumba, kama nilikufa, na ninaikala peke yangu, ni nani alikata matawi?"

Akaacha kucheka. "Papa, tuliwaza ulisikia saa yako ya kufa inafika. Tukasema, hana muntu, amejikatia matawi mwenyewe."

Nikasimamisha kiti moja. Bamama balianza kubeba mbawula yabo ya makaa na unga yabo ya kupika ku kilio, lupango ilikuwa imejaa bantu, sikuiona vile kutoka wakati wa bibi yangu, nikasema: "Mubakie kidogo, tukunywe chai." Mumoja akacheka: "Papa, ku kilio njo tunabakia!" Na bakaenda.

Hapo Mama Ntumba akashika kinywa. "Weh! Nadège!" Akapiga, akanipatia telefone.

"Mama Ntumba, niko mu bisi, nimefika Luisha, musimuzike bila mi..."

"Nadège. Ni Papa."

Alilia sawa mutoto mudogo. Kisha akakasirika, kisha akacheka, nikamueleza mambo ya rangi, yote, na mwisho nikasema: "Umekwisha kufika Luisha, kuya tu, mutoto wangu, imebakia kidogo."

Akasema: "Papa, ku kazi balinipatia ruhusa ya kilio. Sasa kilio haiko, nitabaambia nini? Acha nirudie. Congé ikitoka, tutaona."

"Iko sawa," nilisema. Haikukuwa sawa.

Basi nimeapa, tawi sitakata tena, hata malori ipite, hata vumbi inizike. Bantu banacheka, na mi ninacheka nabo. Lakini kutoka Likasi mpaka Luisha mutoto wangu alikuwa ananikuyia, mbio, bila kungoja congé, na mi nilikuwa nalala tu.