‘Hatuongei’: Jibu la fundi makochi mbele ya dirisha la viza

Saa tatu asubuhi, fundi amepiga magoti mbele ya kochi lililovuliwa kila kitu, limebaki mbao na mikanda. Mdomoni amebana misumari midogo, wala hahesabu mingapi. Ulimi unasukuma mmoja hadi kwenye midomo, vidole viwili vinaupokea, nyundo inagonga mara mbili, kitambaa kinakaa. Kabla hujapepesa jicho, mwingine umeshatoka.

Juu ya rundo la sponji kuna simu. Imefunguliwa sauti mpaka mwisho, na ndani yake unasikika mvumo wa mashine usiokatika. Hakuna anayesema neno. Mgeni kutoka gazetini anadhani imeachwa hewani kwa kusahau, ananyoosha mkono aizime ili kumwokolea mwenyewe bando lake.

Fundi anaguna kwa nguvu, macho yamemtoka. Anatema misumari kiganjani.

“Usiizime, ndugu yangu,” anasema. “Huyo ni mume wangu. Yuko kazini.”

Mtaani wanamwita Misumari, na jina amelikubali kama lake. Ufundi aliufundishwa na mjomba wake, aliyekuwa akisema kwamba mkono unaokwenda na kurudi kwenye kopo la misumari ni mkono wa mtu aliyekuja kutembea. Fundi wa kweli misumari yake hukaa mdomoni. Hasara yake ni moja tu: mwenye misumari mdomoni haongei.

Seremala anayemchongea mbao za makochi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, anayeitwa Fremu, anasema wamefanya kazi pamoja miaka na miaka, na katika yote aliyoambiwa na mama huyu, nusu ni “mm” na nusu iliyobaki ni “mm-mm.” Ya kwanza ni ndiyo, ya pili ni hapana. “Na biashara inakwenda,” anaongeza.

Mumewe yuko ng’ambo. Anasukuma mashine ya kung’arisha sakafu katika hospitali kubwa, zamu ya usiku, kwenye korido ambako wafanyakazi hawaruhusiwi kupiga soga kwa sababu wagonjwa wamelala. Walifunga ndoa alipokuja likizo, wakakaa pamoja wiki saba, akarudi kwenye kibarua chake. Huu ni mwaka wa nne.

Huku kukipambazuka, kule ni usiku. Huyu akitoka kazini, yule analala. Saa pekee ambazo wote wawili wako macho ni saa ambazo wote wawili wana kazi mikononi.

“Mwanzoni tulijaribu kuongea,” anasema Misumari. “Mimi nina misumari, yeye ana mashine. Anaongea hapo, nami namjibu mm. Tukacheka. Tukaambiana basi, iache wazi tu, tuwe tunasikia.”

Basi ikaachwa wazi, na mpaka leo haijafungwa. Ukistaajabu ya Musa, utayaona ya Firauni. Mgeni anatega sikio, na Misumari anamtafsiria mvumo ule kama mtu anayesoma gazeti. Sasa ameanza korido ndefu. Sasa amefika kwenye kona, gurudumu la kushoto hulia pale. Amezima, anapisha kitanda cha mgonjwa. Kweli, mashine inanyamaza, magurudumu mengine yanapita, kisha mvumo unarudi.

Mume naye huko aliko anajua kama mkewe leo anapigilia kitambaa kigumu au laini, kwa mlio wa nyundo tu. Mke akijigonga kidole, mume anacheka kabla huyu hajalia.

Lakini masikio hayazai mtoto, na Misumari halifichi hilo. Ana miaka thelathini na tisa.

“Wenzangu niliosoma nao wana watoto wanaonyoa ndevu,” anasema. “Nami namtaka wangu, na namtaka akulie nyumba moja na baba yake. Umri haupangi foleni, ndugu yangu. Haungoji nambari yako iitwe.”

Ndiyo maana barua ya kuitwa ubalozini kwa mahojiano ya viza ya mke ilipofika, alikosa usingizi. Akikataliwa ingebidi waanze upya, na waliowahi kuanza upya walimwambia ni miaka. Hiyo miaka yeye hana.

Mtaa mzima ukageuka walimu. Mmoja alimtaka akariri rangi ya mswaki wa mumewe. Mama mkwe wake alimkalisha kitako na kumwelekeza kwamba wakimuuliza mnaongea nini, aseme mnaongea mapenzi na mipango ya nyumba, basi. Fremu alisimamisha dirisha alilokuwa hajalimaliza, akakaa nyuma yake na miwani ya kusomea, akamhoji. Akamnyima viza mara mbili.

Siku yenyewe alivaa gauni lake jema na kufika getini mapema. Akapita kwenye kizingiti cha ukaguzi, kikalia. Akarudi, akavua bangili, kikalia tena. Mlinzi akamwomba atoe vilivyo mfukoni, na fundi wetu akatoa misumari. Ilikuwemo tangu lini hata yeye hajui.

“Mama, umekuja kuhojiwa au kujenga?” mlinzi akamuuliza.

Misumari ikatiwa kwenye bakuli la plastiki pamoja na simu, akapewa kibao cha namba. Simu haziingii. Kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu, saa ya kazi ilimkuta hamsikii mumewe.

Ndani palimtisha kwa utulivu wake. Hewa ya baridi, sakafu inayong’aa mpaka akaiona sura yake, watu wengi kuliko sokoni na hakuna anayenong’ona. Akaitazama ile sakafu na kumfikiria mtu aliyeing’arisha usiku. Alipoketi, mkono ukaenda wenyewe kukagua kiti. Sponji ilishakufa siku nyingi, anasema, na kitambaa kimevutwa upande. Kidogo hicho kilimtuliza.

Mwanamume aliyemtangulia aliondoka dirishani na karatasi mkononi, akaupita mlango wa kutokea bila kuuona, akarudi, akaupita tena. Kisha ikaitwa namba ya Misumari.

Nyuma ya kioo alikuwa afisa mwenye mvi, anayeongea Kiswahili cha kujifunza ukubwani, kilichonyooka kama shati la pasi. Alimuuliza walikutana wapi, nani alihudhuria harusi, mume anafanya kazi gani. Misumari akajibu yote. Afisa akageuza kurasa za rekodi za simu zilizoambatishwa na maombi, akakomea ukurasa mmoja.

“Kila siku mko kwenye simu kwa muda wa saa tatu, hata nne,” alisema. “Ni nyingi sana. Mnaongea nini?”

Mafunzo yote yalikuwa kichwani. Mapenzi na mipango ya nyumba. Alifungua mdomo, anasema, na neno likakataa kutoka. Hajawahi kusema uongo juu ya mume wake, na hakuona kwa nini aanzie pale.

“Hatuongei,” alijibu.

Afisa akaweka kalamu chini. Akamuuliza taratibu, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kujisahihisha, iwapo anamaanisha kwamba ni mke wa mtu huyu na hawaongei.

“Hatuongei, bwana afisa. Mimi nasikiliza kazi yake, naye anasikiliza yangu.”

Maji ameshayavulia nguo, hana budi kuyaoga. Akaeleza habari ya misumari mdomoni, ya korido na ya kona. Kisha akaeleza habari ya mwaka jana.

Mumewe huisukuma ile mashine toka mlangoni hadi kwenye kona bila kusimama. Asubuhi moja ilisimama njiani. Ikaendelea, ikasimama tena. Mke akatema misumari akamwita, mume akasema hana neno. Mashine ikasimama mara ya tatu, akajua anadanganywa. Akampigia mfanyakazi mwenzake wa zamu hiyo hiyo, anayelala naye chumba kimoja, akamwambia kimbia kwenye korido ndefu. Yule akamkuta mume ameketi sakafuni, ameegemea mashine, anawaka homa, kifua kimembana. Bahati ni kwamba palikuwa hospitali. “Hakuhitaji gari,” anasema Misumari. “Alihitaji kusukumwa mlango wa pili tu.” Madaktari walisema angekaa pale mpaka kule kupambazuke wangemkuta maiti.

Alipomaliza, afisa alizigeuza tena zile kurasa za simu. Misumari akaona kwamba amejimaliza kwa mdomo wake mwenyewe.

“Na leo?” afisa akauliza hatimaye. “Simu yako iko getini.”

“Leo anasikia kimya changu tangu alipoingia zamu,” alijibu. “Ndiyo maana nina haraka.”

Afisa akachukua pasipoti, akaiweka upande wake wa kioo, akamwambia itabaki pale. Katika mafunzo yote ya mtaani, hakuna aliyekumbuka jambo hilo. Fundi akauliza amekosa nini hata anyang’anywe pasipoti.

Mzee wa mvi akatabasamu kwa mara ya kwanza. “Inabaki ili tubandike viza, bibi. Nenda kamwondolee mumeo hicho kimya.”

Getini alirudishiwa simu na bakuli lake la misumari. Akapiga. Upande wa pili mashine ilikuwa imezimwa, na mtu anahema. Misumari akataka kusema, kilio kikataka kutangulia. Akajua akilia, mume atafikiri wamenyimwa.

“Mkononi nilikuwa na ile misumari,” anasimulia. “Nikaitia mdomoni, sijui hata kwa nini. Ndipo nikaweza. Nikamwambia, mm.”

Katika korido ambako mtu haruhusiwi hata kupiga soga, mwanamume alipiga ukelele. Muuguzi akatoka kumgombeza, akaambiwa habari, naye akapiga wake.

Mama mkwe alipopata habari aliketi chini mlangoni na kusema kwamba kweli kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwamba ushauri wake ule wa mapenzi na mipango ya nyumba wausahau. Fremu anadai yeye alijua siku nyingi, ingawa hakuna anayekumbuka akisema.

Safari ni mwezi ujao. Kochi hili ndilo la mwisho, la mteja aliyelipa zamani na hakumsumbua. Nyundo ya mjomba imeshafungwa kwenye begi kubwa, pamoja na kopo la misumari; hili analimalizia kwa nyundo ya Fremu, na anatumaini kwamba huko nako watu wanakalia makochi yanayochoka. Mtoto akijaliwa, anasema, atalala katikati ya makelele ya wazazi wake, azoee mapema.

Simuni mvumo unakatika. Zamu imekwisha. Misumari anaitema misumari yote, anaisogelea simu na kusema maneno aliyoyaweka asubuhi nzima.

“Haya, kalale.”

“Haya,” inajibu sauti ya kiume, nzito kwa usingizi.

Mgeni anamuuliza akifika atafanya nini kwanza. Hafikirii hata kidogo.

“Usiku wa kwanza nitamwomba anipeleke kazini kwake,” anasema. “Nikae pale kwenye kona, gurudumu linapolia. Ile korido naijua yote. Nataka kumwona akiipita.”