Sheria ya Nne Ilivyokwama Masanze

Nilipokabidhiwa usimamizi wa madereva wa pikipiki wanaosambaza vifurushi, Kilosa hadi Mikumi, sikuwa nimeisomea kazi hiyo. Nilijifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya mitumba na saa ya mkononi. Nikaandika sheria saba, nikazibandika ukutani. Ya nne ilisema dereva asivue kofia ngumu njiani wala asisimame popote zaidi ya dakika tatu. Ya saba ilisema mzigo wa tatu ukirudi ofisini bila kupokelewa, dereva anakabidhi funguo.

Dereva wangu wa Masanze, baba wa watoto wawili, alikuwa amesharudisha miwili. Alhamisi moja akarudi na wa tatu: boksi la sare za kwaya, la mama mwenyekiti wa kwaya ya huko.

"Simu yake imezimwa," alisema. "Nimeuliza pale kwenye mashine ya kusaga, wanasema hawamjui."

"Hawamjui mwenyekiti wa kwaya yao?"

"Twende ukawaulize mwenyewe, bosi."

Funguo zake zilikuwa tayari mfukoni mwangu. Nilimpakia kwenye pikipiki yangu, nia yangu ikiwa kumwachisha kazi kwa ushahidi kamili.

Mbele ya mashine walikaa kina mama watano wakipukuchua mahindi. Nikiwa juu ya pikipiki, kofia kichwani, jicho kwenye saa, niliuliza nyumba ya mwenyekiti wa kwaya.

Mkubwa wao, mwenye kilemba cha bluu, hakuinua uso. "Hatumjui."

Nilikwishaanza kugeuza pikipiki. Lakini dereva alikuwa ameshuka, amevua kofia, ameinama kidogo.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, baba! Kumbe una uso! Sisi tulidhani wanatutumia kofia tupu." Wakacheka. "Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na mama yao?"

"Hajambo, mama."

Waliulizana habari za mvua, za shamba, wakafika hadi kwa mbuzi. Kisha yule wa kilemba akanitazama. "Na huyu mwenye saa, kwao hawasalimii?"

Nilivua kofia. Nikawasalimia mmoja mmoja. Wa tatu alisema hakusikia, nikarudia. Dakika kumi na moja.

Mwenye kilemba akakung'uta punje mapajani, akanyoosha mikono. "Haya, mwanangu, lete boksi langu."

"Mama, kumbe ni wewe?" nilisema. "Si umesema hamumjui?"

"Nilikuwa najibu kofia."

Kwenye fomu ya kupokea mzigo, panapoulizwa sababu ya kuchelewa, mama huyo aliandika kwa mwandiko safi wa shule ya misheni: *Msimamizi alikuwa hajasalimia.*

Nilimrudishia dereva funguo pale pale. Kina mama wakapiga vigelegele; najua havikuwa vyangu. Ofisini nilichukua rula, nikaikata sheria ya nne kwa mstari mmoja ulionyooka. Kwa Masanze sasa nimeruhusu kusimama dakika ishirini. Dereva hutumia arobaini. Mzigo haujarudi tena.