Kiwimbi cha Nyumbani

Nikiwa Lushoto mjini nikisema naenda nyumbani, hakuna anayeniuliza ni wapi. Wanajua ni Rangwi, kwa mama. Kwa mazoea hayohayo niliunda programu yangu ya kuandikia: kila faili lihifadhiwe nyumbani, na nyumbani nikapaonyesha kwa kiwimbi, ~, kama kompyuta yangu inavyoelewa. Sikueleza zaidi.

Niliiunda kwa ajili ya mama, mwalimu mstaafu anayekusanya maneno ya Kishambaa yasipotee. Kompyuta yake ni ya aina nyingine. Aliandika wiki nzima. Siku alipoihamisha programu na kuiweka mbele kwenye kioo cha kompyuta, pale anapoiona bila miwani, akaifungua, akakuta patupu.

Kwenye simu hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma.

"Maneno mengine alinipa marehemu mama, bibi yako," alisema. "Nitamuuliza nani tena? Basi, mwanangu, tuache."

Tuache! Asubuhi yake nilipanda kwenda Rangwi nimevimba kwa hasira, nimeapa sishuki bila maneno ya bibi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kunywa chai kwanza."

"Chai itasubiri."

Nilipekua kila folda ya kompyuta yake. Nikapekua hata kapu la takataka. Mwisho nikaenda pale programu ilipokaa mwanzo, nikakuta folda yenye jina la ajabu: ~. Nilicheka kwa uchungu. Kompyuta ya mama haikukijua kiwimbi changu. Ilidhani ni jina tu, ikatengeneza folda ya jina hilo palepale programu ilipokuwa. Programu ilipohamishwa, kompyuta ikatengeneza nyingine, tupu. Ni kama kumwambia mgeni aende nyumbani, naye akajenga kibanda aliposimama.

Maneno yote yalikuwamo, lakini sikuridhika. Nilikifuta kiwimbi, nikaiagiza programu iiulize kwanza kompyuta yenyewe: kwako ni wapi? Kisha nikaihamisha huku na kule, nikafunga, nikafungua, chai ikipoa, mpaka nikaona haipotei tena popote. Ndipo nikampisha mama kiti.

Alivaa miwani, akasoma polepole, midomo ikicheza. Kidole chake kikasimama kwenye neno la bibi, "kaya", na mbele yake alikuwa ameandika: nyumbani.

"Kumbe upo, mama," akasema, na hakuwa akisema na mimi.